Wifi Kanichagua Mimi

Waliokuwa nami juma lililopita wanajua nilipowaacha: mezani, kijiko mkononi, mdomo wazi kama mlango wa tanuri. Wifi yangu alikuwa amerudi kutoka ng'ambo baada ya miaka tisa, ana masanduku mawili na habari moja. Huko aliko kuna nafasi ya mtu mmoja. Kaja kumchukua.

Sote tukamgeukia mume wangu. Yeye ndiye nduguye wa tumbo moja. Yeye ndiye anayeota safari tangu ujana, hata shati la kupandia ndege analo, limekaa kabatini mpaka kola imegeuka rangi.

Wifi akanyoosha kidole. Kikampita mdogo wake, kikampita mama yake, kikatua kifuani kwangu.

"Huyu," akasema. "Namtaka huyu."

Wewe uliyechelewa kujiunga nasi usihangaike, hatuko wengi. Mimi kazi yangu ni kuoka mikate. Mume wangu anatengeneza sofa. Mtaa mzima humwita Fundi, nami humwita hivyo nikiwa nimekasirika. Tunaishi na mama yake, ambaye kiharusi kilimlegeza upande mmoja, na binti yetu wa darasa la pili. Wifi ni dada mkubwa wa Fundi. Tangu niolewe katika nyumba hii hajawahi kunisifia hata chai.

Sasa niambie. Mtu asiyeisifia chai yako, akuchagulie ng'ambo kwa mapenzi gani?

Nilimwuliza pale pale.

"Wifi, kwa nini mimi?"

"Kwa sababu unafaa."

"Nafaa kazi ipi?"

"Dukani kwangu. Au umesahau nina duka la nguo?"

Ningesahau vipi? Picha zake zimejaa kwenye simu zetu: Wifi na miwani ya jua, kasimama mbele ya kioo kikubwa, masanamu yaliyovalishwa magauni yamejipanga nyuma yake. Ila jioni ile, kwa mara ya kwanza, nikagundua kitu. Picha zote alipigwa akiwa nje. Hata moja hakuwa ndani.

Fundi alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu akaambiwa pole. "Hongera, mke wangu," akasema, akaondoka mezani sahani yake haijaisha.

Kesho yake Wifi akaanza kunifuata kama kivuli.

Kila asubuhi, kabla sijaenda zamu, mimi ndiye ninayemwogesha Mama. Namkalisha kwenye kiti cha plastiki, namsugua mgongo, naye hunilalamikia kwamba maji ni ya moto, mara ni ya baridi, mara ni ya moto tena. Ndivyo tunavyoamkiana sisi.

Wifi akaja akasimama mlangoni mwa bafu, kaegemea fremu.

"Huoni kinyaa?"

"Kinyaa cha nini? Ni mama huyu."

"Na akijichafua?"

"Namsafisha."

"Akikutukana?"

"Namrudishia, ila kimoyomoyo."

Mama akacheka na ule upande wa mdomo unaocheka. Wifi hakucheka. Hakuwa akinitazama usoni. Alikuwa akiitazama mikono yangu.

"Usingizi wako mzito au mwepesi?"

"Wifi, kwani duka lenu hufunguliwa usiku?"

Akaondoka zake. Nikabaki na sabuni mkononi, najiuliza. Ndiyo maswali ya muuza magauni hayo?

Jioni Fundi akarudi na kipande cha mahameli, masalia ya sofa ya mteja. Akampa dada yake, kwa nia njema kabisa.

"Dada, wewe mtu wa nguo. Hii ni ya daraja gani?"

Wifi akakipapasa kama anampapasa paka wa watu. "Kizuri," akasema, akakirudisha.

Kizuri! Mimi nimeishi na fundi sofa, nawajua watu wa vitambaa. Mtu wa vitambaa hukishika kwa vidole viwili, hukivuta, hukinusa, hukigeuza nyuma, kisha hukikashifu kwa nusu saa ili upunguze bei. Hajazaliwa mtu wa vitambaa anayesema "kizuri" akanyamaza.

Na kuna jambo lingine, la siku ile ile aliyofika, kabla hatujakaa mezani, ambalo juma lililopita sikuwaambia kwa kuwa nililiona dogo. Mama alitaka kuinuka kwenye kochi. Mimi na Fundi huwa tunamvuta kama gunia, huku na huku, mpaka anatulaani. Wifi akatusogeza pembeni. Akaingiza goti lake katikati ya magoti ya Mama, mikono chini ya makwapa, akahesabu taratibu kwa lugha ya huko aliko. Alipofika tatu, Mama alikuwa amesimama. Mwepesi kama unyoya.

Mama akamtazama binti yake usoni kwa muda mrefu. Kisha akasema anataka kwenda chumbani, na Wifi ampeleke, wao wawili tu.

Nilidhani ni mama na mwana wanaoneana uchungu.

Kazini kwetu kuna dada mmoja tunamwita Redio. Hazimwi, haishiwi betri, na habari zake nusu ni matangazo. Lakini ukiwa na jambo linakukereketa, utamwambia nani kama si yeye, mmesimama naye meza moja, mikono imezama kwenye unga hadi viwikoni?

"Kasema lini mnaondoka?" akaniuliza.

"Hajasema. Kwanza kesho kutwa niende kupimwa afya. Yeye ndiye anayegharimia."

Redio akaacha kukanda. "Kupimwa nini?"

"Damu. Mkojo. Kifua. Na mgongo."

"Mgongo?"

"Mgongo."

Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniinamia. "Shoga yangu. Hizo ni figo."

"Toka hapa!"

"Nakuapia. Nani anampima mtu mgongo ili akauze magauni? Mtafika huko, mtakaribishwa juisi, ukizinduka umebaki na moja."

Nilicheka, lakini kicheko hakikushuka tumboni. Usiniulize kama niliamini. Mtu hahitaji kuamini kitu ili kimnyime raha.

"Na mumeo anasemaje?"

"Hajasema neno."

"Mwanamume akinyamaza nyumbani," Redio akasema, akirudi kwenye unga wake, "ujue kuna mahali anazungumza."

Ningemjibu, lakini wakati ule ule msimamizi alipita, na sote tukainamisha vichwa. Hatukuwa na moyo wa kuonekana tukipiga soga. Mwenye kiwanda alikuwa ameleta mashine mpya, inakanda, inakata, inapanga kwenye trei, na haiombi ruhusa ya kwenda msalani. Tangu ilipowashwa, sisi tuliokuwa tukikanda kwa mikono tulianza kuitwa ofisini mmoja mmoja. Aliyeitwa hakurudi kuvaa aproni.

Kwa hiyo usidhani nilikuwa nikiikataa safari moyoni. Hapana. Nilikuwa nikiigeuza kama mkate unaotaka kuungua. Huku kazi inayeyuka. Fundi naye watu wanamwacha, wananunua sofa zilizoletwa zimekamilika. Mtoto anakua, na viatu vyake vinakataa kukua naye. Wenzetu wangapi wamekwenda na mambo yao yakanyooka? Lakini wenzetu hao walijua wanakokwenda. Mimi nilikuwa nachukuliwa.

Siku hiyo jioni nilimkuta Fundi kibarazani anajitoa vipande vya sponji kwenye suruali.

"Baba watoto, mimi niseme nini kwa dada yako?"

"Nenda," akasema.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Nenda. Mtoto yupo, Mama yupo, tutajikongoja."

Mwaka jana nilipotaka kwenda kwa mama yangu mzazi siku chache, mwanamume huyu alinuna mpaka mtoto akauliza baba anaumwa nini. Leo ng'ambo, nenda! Na alipokuwa akiyasema hayo, macho yake yalikuwa kwenye suruali. Sponji ilikuwa imekwisha kutoka zamani, bado anakwanyua.

"Utanikosa?" nikamwuliza.

"Swali gani hilo?"

Ni swali lenye jibu fupi, na hakulitoa.

Mume anayekuruhusu kabla hujaomba, moyoni ameshakuzoea ukiwa hupo. Nililala na fikra hiyo nikiwa nimempa mgongo. Nikakumbuka maneno ya Redio. Nikakumbuka pia kwamba siku mbili tatu hizi Fundi alikuwa anachelewa karakana, na nilipomwuliza anatengeneza nini alisema kitanda. Cha nani? Cha mteja. Mteja gani? Mteja tu.

Fundi hatengenezi vitanda. Ametengeneza kimoja tu maishani mwake, na ndicho tulichokuwa tumelalia.

Kesho yake, mchana, nikaenda karakana na chakula kwenye bakuli. Sikuwa na kawaida hiyo. Mchana huwa niko kazini. Lakini siku hiyo sikuwa na kazi. Asubuhi msimamizi alikuwa ameniita ofisini, akanishukuru vizuri sana. Aproni nikaikunja mwenyewe. Redio alilia kwa sauti kuliko mimi.

Hilo sikuwa nimemwambia mtu. Nilitaka kumwambia mume wangu kwanza, uso kwa uso, nione atafanya nini na habari yangu.

Mlango ulikuwa umerudishiwa. Nikausukuma kwa kisigino.

Kitanda kilisimama katikati ya karakana. Kitanda kizuri, lazima niseme ukweli, kichwani kimevalishwa ile mahameli. Wifi alikuwa amekaa kwenye sofa lisilo na kitambaa, katikati ya mbao na springi, macho mekundu. Fundi ameshika stepla lakini hapigi kitu.

Wote wawili waliniangalia kama wezi waliowashiwa taa.

Nikaweka bakuli chini.

"Kitanda cha nani?"

"Cha mteja," Fundi akasema.

"Huyo mteja hana jina?"

Akaigeuza stepla mkononi.

"Fundi, nakuuliza. Ni nani atakayelala hapa mimi nikiwa ng'ambo?"

"Mimi," Wifi akasema.

Nilimgeukia. "Wewe si unarudi kwenye duka lako?"

"Hakuna duka."

Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayevua kiatu kilichombana kutwa nzima. Fundi akaweka stepla mezani.

"Lile la kwenye picha?"

"Liko chini ya jengo tunalokaa. Nilikuwa nikitoka kununua dawa nasimama hapo, nampa mpita njia simu anipige."

"Dawa za nani?"

Akavuta pumzi. "Ninamtunza mtu, wifi yangu. Bibi mmoja mzee. Namwogesha, namlisha, namgeuza kitandani asipate vidonda. Nalala kwenye kochi mlangoni pake, akikohoa naamka. Nilikwenda kwa mwaka mmoja tu. Nikasema nikirudi nitafungua kitu. Mwaka ukazaa mwaka."

"Kwa nini ulidanganya?"

"Mngejisikiaje? Mlinisindikiza kwa vigelegele."

Nilikuwa miongoni mwa waliopiga vigelegele.

"Sasa nataka kurudi," akasema. "Nimechoka. Lakini binti yake ananiambia, lete mtu unayemwamini ndipo uondoke."

"Si ubaki tu? Uko huku tayari. Nani atavuka bahari kukufuata?"

"Hakuna. Ningeweza." Akajifuta uso kwa kiganja. "Lakini bibi yule hali kwa mkono asiouamini. Sasa hivi wamemwekea mtu wa muda, nimeambiwa anafunga mdomo kama mtoto. Nikibaki bila kupeleka mtu wa maana, nitakuwa nimemuua. Nimemwogesha mama wa watu miaka tisa. Mama yangu mwenyewe akapigwa na kiharusi, nikaambiwa kwa simu. Nimeshika sifongo mkononi, nasugua mgongo wa mwingine, nikajiuliza: na wangu anaogeshwa na nani?"

Hakuwa akiniuliza mimi, lakini nilimjibu.

"Mimi."

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo maana nimekuchagua."

Hapo ndipo maswali ya bafuni yalipokaa sawa kichwani mwangu, na ile habari ya kupimwa mgongo. Kumbe nilikuwa kwenye usaili, na sabuni mkononi. Figo zangu hazikuwa na kosa. Mtu alikuwa ameniona ninavyomhudumia mama yake, akaona nafaa kupelekwa kwa mama wa mwingine. Katika maisha yangu sijawahi kusifiwa vile. Wala kutukanwa vile.

"Yaani tubadilishane mama?"

Nje mtu alikuwa akijaribu pikipiki ikakataa kuwaka, akajaribu tena.

Nikamgeukia mume wangu.

"Wewe umejua lini?"

"Siku nne sasa."

"Na jana ukaniambia nenda."

"Nilimwomba aniache niende mimi. Nilimpigia magoti, mwulize. Akasema wanataka mwanamke."

"Sijauliza uliomba nini. Nimeuliza kwa nini hukuniambia."

"Ungekataa."

"Basi jibu langu ulikuwa nalo."

Huyo ni mwanamume ambaye nimemjua tangu hana hata nyundo ya kwake. Alikuwa akinitengenezea safari nyuma ya mgongo wangu, na kumtengenezea dada yake kitanda mbele yake. Lakini nilipomwangalia vizuri niliona midomo yake imekauka, na sikujua nimchukie au nimpe maji.

Habari ya kiwanda nikaimeza. Nilijua nikiisema pale tu, wangeshukuru Mungu. Wangesema: unaona sasa? Njia imejifungua yenyewe.

Nikaacha bakuli, nikatoka.

Njiani nilikuwa nikijisemea: nikifika nitamweleza Mama. Mama hatakubali. Mwanamke yule hali mpaka mimi nimekaa, halali mpaka nimemfunika ule mguu usiosikia baridi. Aliwahi kumfukuza jirani aliyekuja kunisaidia kumwogesha, akasema mikono yake ina haraka. Mama atapiga meza kwa mkono wake mzima, na habari itaishia hapo.

Nilimkuta kitandani, kaelekea dirishani. Nikakaa ukingoni, nikamweleza yote: duka lisilokuwapo, bibi wa watu, kochi la mlangoni, kitanda cha mahameli. Alisikiliza bila kupepesa.

"Nilijua," akasema. Maneno yake hutoka polepole tangu augue, moja moja, kama watu wanaoshuka ngazi. "Siku ile aliponiinua."

"Ulijua? Na ukanyamaza?"

"Mikono ile haikufundishwa na magauni. Nikaomba anilete humu, nikamwuliza. Akanililia hapo hapo ulipokaa."

"Basi mkanye, Mama. Mwambie atafute mwingine."

Akanigeuzia uso. Kwa namna fulani nilijua, kabla hajasema. Moyo huwa unatangulia.

"Alikuwa na mwingine," akasema. "Alitaka kumchukua binti wa rafiki yake. Mimi nikamwambia hapana. Nikamwambia, mchukue mkwe wangu."

Nilishika foronya. Sijui kwa nini nilishika foronya.

"Wewe?"

"Mimi."

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea." Mkono wake mzima ukatambaa juu ya shuka, ukanitafuta. Sikuupa wangu. "Binti wa rafiki yake ni mtoto. Angekimbia baada ya miezi miwili, na mwanangu angeitwa tena, na angerudi kule, namjua. Wewe hukimbii. Nataka mwanangu afike na abaki. Nataka nimwone kabla sijafa."

"Na mimi si mwanao?"

Machozi yalimtoka jicho moja, lile zima. Lile jingine lilinitazama tu.

"Wewe utanisamehe," akasema. "Yeye, nikimwacha huko azeeke, hatanisamehe. Nilipima hivyo."

Msomaji wangu, nimeungua na tanuri mara nyingi, mikono yangu ina alama. Hakuna trei iliyowahi kunishika kama maneno yale. Miaka yote hii nilikuwa nikijua nyumba ile ina mtu mmoja asiyeweza kuishi bila mimi. Kumbe ndiye aliyenitoa. Wifi hakunichagua. Alionyesha tu kidole mahali alipoambiwa.

Nilikuwa bado nimekaa pale, naye bado kanyoosha mkono, Wifi alipoingia anahema. Alikuwa amekuja mbio kutoka karakana. Simu ilikuwa mkononi mwake, ya picha, inaita.

"Ni yeye," akasema. "Bibi mwenyewe. Wamemwambia nimepata mtu, anataka kumwona. Tafadhali, wifi yangu. Hata kama hutakwenda. Mwonyeshe uso tu."

Sikusema ndiyo. Akabonyeza, akanielekezea.

Nilitegemea mtu wa kutisha, sijui kwa nini. Nikaona uso mdogo juu ya mto, nywele fupi nyeupe, miwani imekaa upande. Aliponiona alinyanyua mkono, akairekebisha. Tukatazamana. Wifi akasema maneno kwa lugha yao, nadhani ananitambulisha, anachangamka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Sauti ya mtoto anayempendelea mtu.

Bibi hakumjibu. Akaanza kusema na mimi.

Alisema kwa kirefu. Sikuelewa kitu, lakini kuna neno moja alilirudia, mara mbili, akilikaza, macho yake yamenishika mimi, si Wifi. Kisha akageuza shingo haraka kuelekea pembeni, kama mtu aliyesikia hatua. Mkono wa mtu ukaingia kwenye picha. Dari ikaonekana, taa ikaonekana, simu ikakatika.

Wifi alibaki amekitazama kioo cheusi cha simu.

"Kasema nini?" nikauliza.

"Anakusalimu."

"Salamu gani ndefu vile?"

"Ndivyo walivyo watu wa huko. Wana maneno mengi."

"Wifi."

"Kasema anafurahi."

"Wifi, yule mama alikuwa hafurahi. Niangalie. Kasema nini?"

Aliniangalia. Nikamwona akihesabu moyoni: nikimwambia, nikimficha. Nilikuwa nimeyazoea macho hayo. Siku zile wote nyumbani walikuwa nayo.

"Kasema, 'Mwambie asije.'"

Mama akajisogeza kitandani. "Anakung'ang'ania wewe," akamwambia binti yake. "Hataki mgeni. Wazee tuko hivyo."

Huenda. Nami nililifikiria hilo. Mzee anayemtaka mtu wake wa kila siku atasema lolote ili mgeni asifike. Lakini anayeng'ang'ania mtu humtazama yule anayemng'ang'ania. Yule bibi alinitazama mimi.

"Na lile neno alilolirudia, maana yake nini?"

"Neno gani?"

"Alilisema mara mbili."

"Sikulisikia," Wifi akasema. Amekaa na yule bibi miaka tisa, akikohoa tu anaamka. Hakulisikia!

Kabla sijamjibu, simu ikaita tena. Safari hii jina lilikuwa jingine. Wifi akaruka kama kachomwa.

"Ni binti yake. Anataka jibu leo."

"Mwambie anakuja," Mama akasema kutoka kitandani.

Mlangoni nikamwona Fundi amefika, bakuli langu mkononi, chakula hakijaguswa. Alikuwa anangoja, kama wote walivyokuwa wakingoja, niwarahisishie.

Kazi sina. Hilo walikuwa bado hawajui. Ningeweza kusema ndiyo, na ndiyo yangu ingekuwa na akili ndani yake. Lakini katika nyumba hii na ile ya ng'ambo, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa hajanitaka niende, naye amenyang'anywa simu katikati ya sentensi.

Nikaichukua simu mkononi mwa Wifi kabla hajaipokea. Nikabonyeza mwenyewe.

Akatokea mwanamke aliyevaa nguo za ofisini, nadhifu, anatabasamu. Akanipungia mkono. Mimi lugha yao sijui, hata ya kuombea maji. Lakini sikio langu ni zima, na lile neno nilikuwa nimelishika kama lilivyotoka, na mkazo wake.

"Usithubutu," Wifi akanong'ona, akinishika mkono. Basi alikuwa amelisikia.

Nikalisema. Mara mbili, kama bibi.

Yule mwanamke akaacha kutabasamu. Maana ya neno lile, juma lijalo.